MHUDUMU SI PUNDA WA KIJIJI

Ndugu wanakijiji,

Tangu wiki iliyopita hapa kwenye mizani ya ushirika hakuna habari nyingine ila moja: mama mhudumu wa afya, yule anayejitolea, kachukua fomu ya kugombea udiwani wa kata yetu katika uchaguzi mdogo. Kuchukua fomu ni haki ya kila mwanachama. Ubaya ni maneno yanayosemwa juu yake. Tumeyasikia kwa masikio yetu, kwenye foleni ya kupima korosho na kwenye mabaraza ya kahawa, nasi leo tunayajibu hadharani.

Kwanza tuseme ukweli. Baadhi yetu tunaoandika ukuta huu tulijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo ambalo mama huyu hulifundisha jioni bila kulipwa hata senti tano. Asije mtu akasema tumeficha. Tena ofisi ya tawi hairuhusiwi kumbeba mgombea, nasi hatumbebi. Kura zenu ni zenu. Tunachopinga ni mawazo potofu.

Neno la kwanza: "Eti alikuwa anajitolea, kumbe anatafuta kura." Ndugu, hesabuni miaka. Mama huyu alianza kupima watoto uzito chini ya ule mwembe wakati zahanati haijaezekwa. Mtafuta kura hatoki usiku wa mvua na tochi kumsindikiza mjamzito. Mtafuta kura tunamjua. Huja mwezi mmoja kabla, na gari, na kanga, na mchele.

Neno la pili: "Hana kitu huyo, atatupa nini?" Hili ndilo la aibu kuliko yote. Uchaguzi uliopita tulikula pilau. Tusinyosheane vidole, tulikula wote, hata sisi wa ofisi tulikula. Pilau likaisha siku ile ile, na barabara ya mnadani mpaka leo ni mashimo yale yale. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwani kwa njia ile mgombea maskini na mgombea tajiri hawawi sawa. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ikakataza zawadi za kushawishi, hata ndani ya vyama wakati wa kura za maoni. Basi anayeuliza "atatupa nini" anaomba rushwa, hata kama anasema huku anacheka.

Diwani hatoi mfukoni mwake. Diwani anasimamia mali ambayo tayari ni yetu. Hebu tufanye hesabu ya darasani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 kuwa asilimia 3. Tuseme mkulima kauza kilo 100 za korosho kwa shilingi 2,000 kila kilo. Jumla shilingi 200,000. Ushuru wa halmashauri, ambao hulipwa na mnunuzi, ni shilingi 6,000. Sasa zidisheni kwa magunia yote yanayotoka katika ghala hili! Tena halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024. Je, vikundi vyetu viliomba? Nani alituulizia? Mtu wa kuuliza katika Baraza la Madiwani ni diwani, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kazi yake ni hiyo, si kugawa sukari.

Neno la tatu: "Mwanamke angoje viti maalum." Viti maalum viliwekwa ili wanawake waongezeke, havikuwekwa kuwa zizi la kuwafungia. Fomu ya kata haikuandikwa "wanaume tu". Sheria inataka mtu awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Anayejua kusoma kuliko mwalimu wetu wa kisomo ajitokeze.

Neno la nne husemwa na wanaompenda, na hao ndio tunaowalaumu zaidi. Wanasema: "Akienda halmashauri, nani atatupimia watoto? Nani atatubebea wagonjwa?" Maana yake nini? Maana yake kazi yake ni nzuri kwa sababu ni ya bure, basi abaki chini ili sisi tuendelee kukaa kivulini. Tumezoea kusema wanyonyaji ni walanguzi na mabepari wa mjini. Kumbe kupe mwingine yumo humu humu kijijini!

Kumbukeni masika iliyopita. Mama mmoja alishikwa na uchungu usiku, njia haipitiki kwa pikipiki. Mhudumu aligonga milango akitafuta vijana wanne wa kubeba machela. Wakatoka wawili. Pembe mbili zilizobaki alishika yeye na mume wa mgonjwa. Asubuhi, wale waliokuwa wamejifunika shuka walikuja kumpongeza. Pongezi hazibebi machela, ndugu.

Sasa msituelewe vibaya. Wema peke yake hautoshi kumfanya mtu diwani. Tena kumpa kura kama asante ni kosa lile lile la pilau, maana ni kulipa deni kwa kura. Mwiteni, mumuulize. Je, anaweza kusoma makisio ya halmashauri na kuona fedha zilipopotea? Je, atasimama katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu atueleze aliyosema huko, na aliyoshindwa? Akibabaika, mnyimeni. Na wagombea wengine waulizwe maswali hayo hayo, bila pilau. Cheo ni dhamana kwake na kwao.

Lakini ashinde au ashindwe, machela haitakuwa tena mzigo wa mtu mmoja. Chini ya karatasi hii tumebandika orodha ya zamu ya usiku. Majina mawili ya juu ni ya ofisi ya tawi. Nafasi zilizobaki ni zenu, hasa ninyi mliouliza nani atabeba wagonjwa.

Mwenye jibu aandike, karatasi na kalamu zipo kwa mtunza ghala. Sharti moja tu: aweke jina lake.

Ndugu yenu katika kazi,
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya waandishi wa ukuta huu.