Kuhimiza kumlisha maskini nako ni kazi



Ndugu Waislamu, kijana anapomaliza masomo hapa Bukoba au Muleba na kusema anataka kusomea ustawi wa jamii, wazazi wengi humuuliza: kazi ya kuwazungukia yatima na wazee itakupa nini? Swali hilo lastahili jibu.

Suratul Maaun haimlaumu tu anayemsukuma yatima. Yamlaumu pia asiyehimiza maskini alishwe. Kutoa ni jambo moja, kuhimiza ni jingine. Tajiri hutoa, lakini ni nani ajuaye nyumba ipi ina njaa, nani alipewa jana na nani kasahauliwa? Huyo ndiye mratibu.

Mkoa wetu waijua haja hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na maradhi hayo yakawaachia mabibi wajukuu wa kulea. Huko Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wakiwamo wanaolea yatima. Fedha ya namna hiyo haimfikii mlengwa pasipo mtu wa kuandikisha majina, kutembelea kaya na kutunza hesabu kwa uaminifu.

Mafunzo yapo: Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru mkoani Arusha, na Chuo cha Buhare, Musoma, ng'ambo ya ziwa letu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imewakabidhi maofisa ustawi wa jamii dhamana nzito juu ya watoto.

Lakini kijana asingoje cheti. Aanzie msikitini: afungue daftari la yatima, wajane na wazee wa mtaa, aratibu ugawaji wa zakatul fitri na nyama ya udh-hiya, ajifunze kuficha siri za watu. Kamati za misikiti ziwape vijana nafasi hiyo pamoja na nauli, na mabinti wasiachwe nyuma. Mjane aliye edani atamweleza shida zake nani, kama si mwanamke mwenziwe?

Basi wazazi, tusiwavunje moyo wanetu kwa kuwa mshahara wa mwanzo ni mdogo. Tuwape radhi zetu, na malipo makubwa yako kwa Allah.

Wabillahi tawfiiq.