Majaruba ya Dakawa na Wajibu wa Vyuo vya Biashara

Mashamba ya mpunga ya Dakawa, yenye ukubwa wa takribani hekta 2,000 na yanayomwagiliwa kwa maji yanayovutwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Wami, yamo katika Wilaya ya Mvomero, ambamo pia kimo Chuo Kikuu Mzumbe, na hayako mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Vyuo vyote viwili hufundisha biashara. Si sahihi, basi, kwamba mwanafunzi aweze kuhitimu hapo akijua kukokotoa faida ya kampuni za ng'ambo, ilhali hajawahi kufungua daftari la ushirika ulio jirani naye.

Biashara jamii ni shughuli inayojiendesha kwa mapato yake yenyewe, lakini ambayo faida yake hurudishwa katika kuondoa tatizo la watu badala ya kuishia mikononi mwa wenye mtaji. Dakawa ni mahali pa kuisomea kwa undani, kwa sababu shamba hilo, lililokuwa la shirika la umma la NAFCO, sasa linaendeshwa na wakulima wadogo kupitia ushirika wao wa UWAWAKUDA. Pampu hazisukumi maji kwa nia njema. Zinasukuma kwa umeme unaolipiwa, na ada ya maji ikichelewa kukusanywa, jaruba la aliyelipa hukauka sawasawa na la asiyelipa. Hapo ndipo hesabu za gharama zinapokutana na swali la haki, nalo halina jibu katika kitabu chochote cha uhasibu.

Zito zaidi ni suala la soko. Mkulima aliyeishiwa fedha wakati wa palizi huuza mpunga ungali shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi, na wakati wa mavuno hukutana na lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba kupita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo. Tatizo la namna hiyo ndilo lililomtoa Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi nchini Bangladesh, darasani kwenda kijiji cha Jobra kilichopakana na chuo chake mwaka 1976, ambako watengeneza vigoda vya mianzi walikopeshwa na wachuuzi kwa sharti la kuwauzia wao tu. Watu 42 walihitaji dola 27 kwa jumla ili wajikomboe. Yunus aliwakopesha, na kutokana na mkopo huo mdogo ilizaliwa Benki ya Grameen. Yunus hakusafiri mbali, na umuhimu wa mfano wake kwa Morogoro umo hapo.

Uongozi wenye uwajibikaji, kwa maana ya uongozi unaokubali kuhojiwa na wale unaowaongoza, nao una historia yake nchini, inayofika hadi Dakawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyomkataza kiongozi kutumia cheo kujitajirisha. Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyeongoza vita dhidi ya walanguzi mwaka 1983, alifariki kwa ajali ya gari katika eneo la Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka huohuo kikapewa jina lake. Kubeba jina hilo ni deni, na deni hilo halilipwi kwa maadhimisho.

Kwa hiyo wananchi wa Mvomero na wa Morogoro nzima wanaombwa kushikamana katika jambo hili. Ushirika ukubali kuwafungulia wanafunzi vitabu vyake vya hesabu, hata penye makosa, maana penye makosa ndipo penye somo. Wenye mashine za kukoboa waruhusu mizani iwekwe hadharani. Wazazi wanaolipa ada waulize watoto wao wanafundishwa kumtumikia nani. Vyuo navyo vitoe alama kwa msimu mzima ambao mwanafunzi ataukaa majarubani, kuanzia kuatika mbegu hadi kupima gunia la mwisho, na matokeo ya kazi yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, ambao ndio watakaoamua kama amefaulu. Hatua ya kwanza haihitaji fungu la serikali: viongozi wa ushirika na walimu wa vyuo hivyo viwili wakutane Dakawa kabla mpunga wa msimu ujao haujauzwa.