Big Ramy Alitoka kwa Nyavu Akabeba Mr. Olympia Mara Mbili. Msee wa Njenga Aliyejaza Anakosa Nini?

Ukipita Mukuru kwa Njenga asubuhi mapema, utasikia jim kabla uione. Mikebe ya rangi imejazwa simiti, bomba la maji limepita katikati, na msee anahesabu kwa sauti. Na usicheke hizo vyuma. Hapo kuna wasee wamejaza kuliko nusu ya wale unafuata Instagram.

Sasa swali. Mbona huyo msee, na tizi yote hiyo, anaishia kuwa baunsa wa wikendi?

Jibu la haraka ni "ajitume". Hebu tuangalie kesi moja kwanza.

Mamdouh Elssbiay, yule dunia inamuita Big Ramy, ni Mmisri aliyekuwa mvuvi. Alienda Kuwait kutafuta riziki kwa hiyo kazi ya samaki, vile mabeste wetu wanapanda ndege kwenda Gulf kuwa walinzi. Huko ndio akaingia Oxygen Gym, na mwenye jim, Bader Boodai, akaona mwili. Akamshika mkono. Mwaka wa 2012 Ramy akawa pro. 2013 akashinda New York Pro, shindano lake la kwanza kama pro. Hiyo spidi si ya kawaida.

Lakini Olympia ilimtesa. Namba 8 mwaka wa 2013, kisha 7, 5, 4, akafika namba 2 mwaka wa 2017, halafu 2018 akaanguka hadi 6. Watu wakasema ameisha. 2020 akapatikana na korona, akakosa shindano la kumpa tiketi, ikabidi aalikwe tu. Akaenda Orlando na zaidi ya kilo 130 jukwaani, akabeba taji. Dola 400,000, zaidi ya milioni 40 za Kenya. 2021 akarudia.

Kuanzia 2012 hadi 2020 ni miaka minane. Hiyo miaka yote, nani alikuwa ananunua chakula?

Hapo ndipo story ya Njenga inakwama. Fanya hesabu na mimi. Msee wa kilo 80 anayejenga mwili anahitaji kama gramu 150 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Hiyo ni mayai 25, karibu kreti nzima, kila siku ya Mungu. Madondo zinasaidia, omena inasaidia sana (wacheni kuidharau), lakini huyu msee ameshinda akibeba mawe ya mjengo au amesimama geti la kampuni Industrial Area akingoja kibarua. Mwili unakula hiyo protini kabla ifike kwa misuli. Na Novemba 2021, nyumba zilipobomolewa hapa, kuna wasee hawakuwa hata na mahali pa kulala, sembuse jiko.

Kwa hivyo mtu akikosa chakula, anatokea jamaa na njia ya mkato: sindano. Hapa nitasema wazi, wachana nayo. Wakimbiaji wetu wana ADAK ya kuwafuata na chupa za mkojo. Mbogi ya jim ya mtaa haina mtu wa kuwapima hata presha. Kama ini au moyo unaanza kuleta shida, utajua ukiwa umelala chini.

Na hata vyuma peke yake vina bei. Ronnie Coleman alishinda Olympia mara 8 mfululizo, 1998 hadi 2005, akianza akiwa bado polisi Texas. Leo amefanyiwa upasuaji wa mgongo na nyonga mara nyingi, na anatembea kwa magongo. Huyo ni mtu alikuwa na hospitali za Marekani.

Mimi sisemi uache tizi. Endelea kabisa, jim ya simiti imeokoa vijana wengi kutoka base mbaya. Lakini kampeni zikianza, kuna mheshimiwa atatuma mtu pale kutafuta "vijana wa kazi" kwa soo mbili tatu za siku. Hiyo ndio sponsa pekee tumezoea kuona ikija kwa jim zetu, na haijawahi kununulia mtu kreti ya mayai ya wiki ya pili.

Na kama wewe ndio unaelekea Kuwait ama Qatar mwezi ujao, kabla usaini, uliza ejenti shifti ni saa ngapi. Akisema 12, piga hesabu utalala saa ngapi, utakula nini, na tizi itaingilia wapi.