Mirihi si kimbilio letu

Mwaka 2016, mjini Guadalajara, Elon Musk, mkuu wa kampuni ya roketi ya SpaceX, alitangaza kwamba binadamu wanaweza kujenga Mirihi mji wa watu milioni moja unaojitegemea, miaka 40 hadi 100 tangu safari ya kwanza. Napinga. Kikwazo si uhaba wa ujasiri bali wa nishati na mali.

Tuanze na pumzi. MOXIE, mtambo wa NASA uliofika Mirihi mwaka 2021, ulizalisha jumla ya gramu 122 za oksijeni hadi ulipomaliza kazi mwaka 2023. Mtu mmoja huhitaji takriban gramu 840 kwa siku. Mtambo mkubwa zaidi unaweza kujengwa, lakini umeme utoke wapi? Mwanga wa jua unaofika Mirihi ni chini ya nusu ya tunaoupata sisi, na dhoruba ya vumbi ya 2018 iliizima kabisa roboti Opportunity.

Watetezi husema mji huo utajitosheleza kwa chakula na hewa. Mwaka 1991, watu 8 walijifungia ndani ya Biosphere 2, jengo la majaribio lililofungwa lisipitishe hewa, huko Arizona, Marekani. Oksijeni ilishuka hadi karibu asilimia 14, ikabidi iongezwe kutoka nje. Nje kulikuwa na Dunia! Mirihi, fursa nzuri ya kutumiwa msaada huja kila baada ya miezi 26.

Utafiti uendelee, roboti ziende. Ila kuahidi makao ya pili ni kuhalalisha uharibifu wa haya tuliyo nayo. Usiache mbachao kwa msala upitao.