Kinu kwanza, sufuria baadaye
Siku hizi nawaona wapishi wa haraka wakikata kisamvu kwa kisu, kama mchicha, na kukitumbukiza sufuriani. Mimi sili. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali ambayo mmea umejitengenezea dhidi ya wadudu, na kimeng'enya cha kuivunja kimehifadhiwa sehemu nyingine ya jani lilelile. Mchi ukishuka, viwili hivyo hukutana na sianidi huachiliwa. Inatisha kuisikia, lakini ndiyo nia yenyewe: gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo chungu kikichemka wazi, bila mfuniko, hupaa na mvuke. Kisu hakipondi vya kutosha. Linamarini nyingi hubaki jani likiwa limeshaiva. Wenzetu wa Kongo wanaokiita kisamvu sombe nao hutwanga vilevile. Kilichobaki chunguni ni protini nyingi kuliko ya mboga nyingi za majani, pamoja na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila hufyonzwa vizuri penye mafuta. Tui la nazi, basi, lina kazi yake. Karanga nazo zinafaa, ingawa watu wa Tanga watanibishia.