Afcon 2027: Karatu isipandishe kioo

Mgeni anayeshuka kreta ya Ngorongoro anapewa sheria moja kabla hajaona hata nyati: usishuke kwenye gari. Simba akimkamata pundamilia, wewe tazama, piga picha, nyamaza. Kushuka kunaruhusiwa sehemu chache zilizotengwa, kama pale Ngoitokitok watu wanapokula chakula cha mchana. Ni sheria nzuri, inamlinda mtu na inamlinda mnyama.

Tabu inaanza jioni, gari likisharudi Karatu mjini. Kijana amekamatwa kando ya barabara kuu, mtu kapiga kelele za mwizi, na ndani ya dakika mbili mduara umeshafungwa. Bodaboda zimepaki, wengine wameokota mawe. Mgeni yule yule, nyuma ya kioo kile kile, anamuuliza dereva wake: wanamfanya nini? Dereva anapandisha kioo na kukanyaga mafuta. Mambo ya hapa hayo, bosi, yaache.

Hilo si tukio la siku fulani. Ni picha ambayo yeyote aliyeishi kwenye miji ya barabarani nchini anaijua, Karatu ikiwemo. Inaletwa kwenye kurasa za michezo leo kwa sababu mpira ndio unaokuja kuijaza barabara hiyo watu.

Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Tanzania, Kenya na Uganda fainali za Afcon 2027. Arusha ikapangiwa uwanja wa watu 30,000. Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilometa zisizofika 150, lami tupu, na shabiki aliyetoka Dakar au Cairo hawezi kufika Arusha akakosa hamu ya kuiona kreta siku ambayo timu yake haichezi. Atalala Karatu. Atatazama mechi za wenzake kwenye baa na vibanda umiza vya Karatu, bega kwa bega na vijana wa pale. Na mpira, kila mtu anajua, una hasira zake.

Sasa swali. Mgeni huyo akiona mtu anapigwa hadharani, aingilie au ashike yake?

Jibu la vijiweni ni fupi: mgeni ashike yake. Na wanaosema hivyo si wajinga. Mgeni hajui lugha. Watu watatu wanaomvuta mmoja kwa nguvu wanaweza kuwa wezi, na wanaweza kuwa ndugu zake wanaomrudisha mlevi wao nyumbani. Halafu kuna lile neno linaloogopwa kuliko ngumi: anayemtetea mwizi huambiwa "na wewe mwenzake", kibao kinageuka.

Oktoba 1, 2016, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji huko Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma. Walikwenda kwa ajili ya sampuli za udongo. Ikavuma kwamba ni wanyonya damu, umati ukakusanyika, na gari lao likachomwa moto. Watu wale walikuwa Watanzania, wanaongea Kiswahili, wapo kazini. Kama wao hawakupata wa kuwasikiliza, huyo wa Dakar asiyejua hata kusema "jamani" atasikilizwa na nani?

Lakini Karatu ina kumbukumbu nyingine, na iko Rhotia. Mei 6, 2017, basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Marera wakati likienda Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Wamarekani wa shirika la kujitolea la STEMM walikuwa wanapita. Walisimamisha gari, wakashuka. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, na wakarudi nyumbani.

Ni kweli, ajali si ugomvi. Majeruhi hamrushii jiwe anayemsaidia. Hata hivyo wale walikuwa wageni, hawakuwa na jamaa ndani ya basi lile, na hakuna mtu Karatu aliyewaambia hayo ni mambo ya hapa, yaacheni. Wilaya nzima iliwashukuru kwa kushuka. Huwezi kumshukuru mgeni aliposhuka Rhotia, halafu ukamwambia apandishe kioo mjini.

Wanaosema binadamu wa siku hizi hajali, anachojua ni kurekodi na simu, nao wakae chini kidogo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kutazama picha za kamera za mitaani kutoka Lancaster ya Uingereza, Amsterdam ya Uholanzi na Cape Town ya Afrika Kusini. Ugomvi 219. Katika kila 10, kwenye 9 kulikuwa na mpita njia angalau mmoja aliyeingilia. Na kadiri watu walivyokuwa wengi pale, ndivyo uwezekano wa mmoja kuingilia ulivyopanda. Wengi wao hawakufanya mambo ya sinema. Aliweka mkono kifuani mwa mmoja, akamvuta pembeni, au akamfariji aliyepigwa. Basi.

Kwa hiyo watu huingilia. Kinachobaki ni kujua wanaingilia kwa ajili ya nani, na hapo shabiki wa mpira anahusika moja kwa moja.

Hao hao wa Lancaster, wakiongozwa na Mark Levine, walishafanya jaribio mwaka 2005 kwa mashabiki wa Manchester United. Shabiki anaandikishwa maswali kuhusu timu yake, kisha anaambiwa atembee kwenda jengo la pili. Njiani kijana anakuja anakimbia, anateleza, anashika kifundo cha mguu na kugugumia. Ni maigizo, ila shabiki hajui. Kijana akivaa jezi ya United, mashabiki 12 kati ya 13 walisimama kumsaidia. Akivaa ya Liverpool, 3 kati ya 10. Akivaa shati la kawaida, 4 kati ya 12.

Wakarudia, safari hii wakibadilisha kitu kimoja tu. Maswali ya mwanzo hayakuhusu tena United, yalihusu raha ya kuwa shabiki wa mpira kwa jumla. Mguu ule ule, maumivu yale yale. Jezi ya Liverpool sasa ikasaidiwa mara 7 kati ya 10, karibu sawa na ya United. Mwenye shati la kawaida akabaki kule kule chini, 2 kati ya 9.

Shabiki wa Simba au Yanga asome mara mbili hapo. Moyo ni ule ule, kilichohama ni mpaka wa "mwenzetu". Na yule asiye na jezi yoyote bado aliachwa chini anaugulia.

Karatu ni mji wa jezi nyingi. Kuna Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga, Wahadzabe wa upande wa Eyasi, wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro na kwingineko, na juu ya hao wote kuna Msimbazi na Jangwani. Mgeni wa Afcon anakuja na jezi ambayo pengine haijawahi kuonekana sokoni pale. Akipigwa, ni wa nani? Akipaza sauti kwa ajili ya kijana wa Karatu anayepigwa, nani atasimama naye?

Kuna watu waliwahi kulijibu swali la jezi kwa vitendo. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, Kenya, lilitekwa na wapiganaji wa al-Shabaab. Waliamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakagoma. Kinamama waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa wasitambulike. Salah Farah, mwalimu, alikuwa miongoni mwa waliokataa kutenganishwa. Alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Wakristo wale walikuwa mbali na kwao. Wenyeji wa njia ile ndio waliowavisha.

Tuje kwetu. Desemba 15, 2024, Simba iliifunga CS Sfaxien ya Tunisia mabao 2-1 pale kwa Mkapa, Kombe la Shirikisho. Bao la ushindi la Kibu Denis lilikuja dakika za nyongeza na baada ya hapo jukwaani kukawa hakukaliki. Viti 256 viling'olewa. CAF ikaipiga Simba faini ya dola 40,000 na kuiamuru icheze na CS Constantine Januari 19, 2025 bila mashabiki. Simba ilishinda 2-0 huku majukwaa yakiwa matupu.

Adhabu ile haikuchagua. Aliyerusha kiti alibaki nyumbani, na aliyekaa pembeni akitazama kiti kinarushwa naye alibaki nyumbani. Utetezi wa "mimi sikugusa mtu" haukumpatia yeyote tiketi.

Wapo watakaosema Afcon italindwa na polisi. Sawa, na Arusha ina kituo cha polisi cha utalii na diplomasia, jambo ambalo mikoa mingi haina. Lakini askari hawezi kuwa nje ya kila kibanda umiza saa nne usiku, na umati hauhitaji zaidi ya dakika chache kuua mtu. Afrika Kusini ilikuwa na maandalizi makubwa ya Kombe la Dunia 2010. Mei 2008, miaka miwili kabla ya mashindano, ghasia dhidi ya wageni ziliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Kundi likishaanza kupiga halisomi hati ya kusafiria.

Msimamo unaofaa ni huu: mgeni asikatazwe kuingilia, ila asiachwe aingilie peke yake. Peke yake mbele ya umati ni kumtoa kafara. Yeye anaweza kuwa wa kwanza kuona na wa kwanza kusema simamisha gari. Kazi inayofuata ni ya mwenyeji, na mwenyeji wa kwanza ni dereva wake.

Dereva wa watalii Karatu ana vitu vyote ambavyo mgeni hana. Anaongea lugha. Anajulikana. Ana gari kubwa lenye honi na taa. Akisimama mbali kidogo, akapiga honi mfululizo na kuwasha taa zote, mduara unageuka kutazama, na sekunde hizo kwa anayepigwa ni nyingi. Akishuka asianze na "mwacheni", maana hapo ndipo anapoitwa mwenzake mwizi. Aanze na swali: nani kaibiwa hapa? Mwenye mali akijitokeza, habari inahama kutoka kwenye kupiga na kwenda kwenye kumpeleka mtu kituoni. Amwite mtu kwa jina au kwa alichovaa. Wewe wa kofia nyekundu, piga 112. Ukisema "jamani, mtu apige simu", hapigi mtu. Na kama kuna mama lishe jirani, aombwe apaze sauti. Vijana wenye mawe wanaweza kumpuuza mzungu, wanaweza hata kumpuuza mzee, lakini wengi hawana ubavu wa kumrukia mama anayewauliza mnaua mtoto wa nani.

Ndani ya kibanda umiza ni hivyo hivyo. Mwenye kibanda anawajua wateja wake, anajua nani akinywa mbili anatafuta mtu wa kugombana naye. Kuzima televisheni dakika moja kunatuliza watu kuliko kupiga kelele. Wenye vibanda wanajua hilo, ila wanaogopa kudaiwa kiingilio. Aidai tu, lakini mtu awe hai.

Haya hayatajileta yenyewe 2027. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, na tamasha la michezo ambalo taasisi yake imekuwa ikiliandaa huko mwezi Desemba hukusanya wakimbiaji, wachezaji na watazamaji kutoka pande zote za wilaya. Hapo ndipo pa kuanzia kufundishana, kabla wageni hawajaja. Chama cha soka cha wilaya, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, waongoza watalii na polisi wakae meza moja, na wakubaliane nani anapiga simu, nani anasimama mbele, majeruhi anapelekwa wapi.

Na kampuni za utalii ziitwe pia, kwa sababu moja ambayo madereva wanaisema chinichini. Kibali cha Ngorongoro kinahesabiwa saa 24, safari ina ratiba, na dereva akichelewa anaulizwa yeye. Nusu saa aliyotumia kumtoa mtu mikononi mwa umati na kumfikisha kituoni inaweza kumtia hasarani. Hilo liandikwe kabisa kwenye utaratibu wa kazi kabla ya mechi ya kwanza: dereva aliyechelewa getini Lodoare kwa sababu hiyo asikatwe posho.