Kikohozi Kisichokwisha: Picha Gani, na kwa Nani?

Katika Wilaya ya Siha, magharibi mwa Kilimanjaro, ipo hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu. Nilipokuwa mtoto jina hilo lilitajwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini. Leo ugonjwa huo unatibika, na mpango wa taifa wa kuupiga vita, ulioanzishwa mwaka 1977, ulipata kuwa mfano kwa nchi nyingine. Lakini dawa huua vimelea tu; haziurudishi mrija wa hewa ambao umekwisha haribika.

Shangazi yangu wa Kibosho alimaliza dawa zake za miezi 6, akapona. Baada ya miaka miwili alianza kukohoa tena, makohozi mengi kila asubuhi. Makohozi yalipimwa, vimelea havikuonekana. Eksirei ilionyesha makovu. Naye akaanzishiwa dawa za kifua kikuu upya. Ikawa hivyo hata mara ya tatu. Hatimaye daktari mmoja alimpeleka kwenye siti-skani, na kwa muda wa dakika chache ikadhihirika kwamba baadhi ya mirija ya pafu lake la kushoto ilikuwa imetanuka kama vifuko. Makohozi hutuama humo, na bakteria wa kawaida huzaliana. Ugonjwa huu, bronkiektasia, ulielezwa na Laennec wa Ufaransa mwaka 1819.

Mimi si tabibu, ninafundisha fizikia. Kwa hiyo mwanafunzi ataniwia radhi nikikaa kidogo kwenye swali hili: kwa nini eksirei haikutosha?

Eksirei ya kifua hulaza kila kitu juu ya bapa moja. Mbavu, moyo, mishipa na mirija hupandana, mfano wa vivuli vya migomba jioni, usijue jani lipi ni la mgomba upi. Katika siti-skani chanzo cha miale huuzunguka mwili, vipimo hutwaliwa kutoka pande zote, kisha kompyuta hukokotoa ni kiasi gani cha miale kilichozuiliwa katika kila nukta. Maji hupewa namba 0, hewa hupewa -1000. Matokeo yake ni vipande vyembamba, vingine chini ya milimita 1. Sasa, ndani ya pafu kila mrija wa hewa hufuatana na mshipa wa damu ulio karibu sawa nao kwa upana. Mrija ukiwa mpana kuliko mwenzake, wawili hao huonekana kama pete yenye kito, nayo ni dalili kubwa ya bronkiektasia. Tena mgonjwa akipigwa picha baada ya kutoa pumzi, pafu zima huwa jeupe zaidi, bali sehemu ambayo hewa imenaswa hubaki nyeusi.

Hesabu za msingi wa jambo hili zilichapishwa mwaka 1963 na 1964 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mashine yenyewe ilibuniwa na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, mwaka ule ule ilipofunguliwa hospitali ya KCMC hapa Moshi. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Pamoja na sifa hizo, siungi mkono wale wanaotaka kila akohoaye apelekwe kwenye mashine hiyo. Gharama yake twaijua. Miale yake yaweza kuwa mara 50 na zaidi ya ile ya eksirei moja. Zaidi ya hayo, picha huonyesha umbo, haipimi kazi. Mirija ya mwenye pumu yaweza kuonekana salama kabisa siku asiyobanwa. Na mama aliyepikia kuni miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha apaswa kwanza kupuliza spirometa, chombo kibebekacho mkononi. Hewa aitoayo katika sekunde ya kwanza hugawanywa kwa hewa yote aliyoitoa. Jibu likiwa chini ya 0.7 hata baada ya dawa ya kutanua mirija, njia zake za hewa zimebanwa. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aiweza.

Basi rai yangu ni hii: spirometa iwepo katika kila hospitali ya wilaya kabla hatujanunua mashine nyingine kubwa, na siti-skani tulizo nazo wapewe kwanza watu kama shangazi, waliomaliza dawa, makohozi yao hayana vimelea, na bado wanakohoa. Hao wasiombwe fedha wasizo nazo, maana kuwatibu mara tatu ugonjwa wasiokuwa nao nako kuna gharama, na dawa hizo huweza kudhuru ini.

Shangazi amefundishwa namna ya kuvuta pumzi na kukohoa ili makohozi yatoke, naye hufanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda kukatia ng'ombe majani. Dawa za kifua kikuu hajapewa tena.